Maneno ya Ubao

Ubao umeletwa kwa pikipiki kutoka Malindi,
mweupe, unanuka rangi,
na kamati imekaa hapa Kakuyuni tangu asubuhi
haijapata hata sentensi moja.

Mwenye hoteli kasema: andikeni *mashujaa wa upinde*,
wageni hupenda hivyo, watapiga picha.
Mwalimu Kazungu kasema: *majangili*. Sheria ni sheria
tangu sabini na saba, na watoto watasoma.
Mama Sidi, ambaye ndovu walimkanyagia mahindi mwezi wa sita,
kasema andikeni mnalotaka,
ila mniulizie ndovu atalipa lini.

Mimi sikusema kitu.
Nilikuwa nakumbuka mabakuli.

Babangu akirudi usiku yalikuja kwa mlango wa nyuma,
yamefunikwa kanga, la huyu, la yule,
hata la mke wa karani wa mahakama,
yakaondoka mazito.
Kukicha, watu walewale
walitema mate tukipita sokoni:
hao, wala porini.
Na siku waliyomchukua Bashora, babangu,
mikono imefungwa kwa ugwe wa upinde wake mwenyewe,
hakuna aliyetoka mlangoni akasema
*hata mimi nilikula.*

Alasiri akanijia askari mpya wa msitu,
kijana wa Chuka, viatu bado vigumu,
kesho atawapokea wanafunzi thelathini.
Mama, wakiuliza habari za uwindaji, nianze wapi?
Nikamuuliza jina lake.
Mutegi.
Maana yake?
Akatazama viatu. Kwetu ni mtu wa kutega.

Basi anzia hapo, nikamwambia.
Usiwape upinde kwanza;
mtoto akishika upinde masikio huziba.
Waambie utsungu ulivyopimwa:
mtu alijichanja chini ya goti,
akaiacha damu ishuke kama uzi mpaka kifundoni,
kisha akaigusa kwa sumu kule chini inakoishia
na kuitazama sumu ikipanda, nyeusi, ikipanda,
akaifuta kabla haijafika jerahani.
Waliochelewa kufuta hawako wa kuulizwa.
Sema hilo, halafu nyamaza kidogo.
Usiwaharakishe.

Waambie na waya.
Mshale ulitumwa kwa mnyama mmoja, kwa jicho la mtu.
Waya wa breki ya baiskeli hautumwi na jicho la yeyote:
leo paa, kesho sengi,
keshokutwa mbwa wa Mama Sidi, aliyekuja na miguu mitatu
na bado hubweka akisikia baiskeli.

Wala usimsafishe babangu.
Mwaka wa mwisho aliua jike lenye mtoto,
jambo ambalo babake angemnyang'anya upinde kwalo,
kwa sababu ya bwana mmoja wa Mambrui na gari lake,
na redio.
Yule mtoto alizunguka siku tatu pale palipochinjwa mamaye.
Tulimsikia.
Mimi niliongeza sauti ya redio.

Mutegi hakuandika. Daftari lilikuwa wazi, kalamu mkononi.
Akauliza: sasa wakiniuliza, alikuwa mbaya au mzuri?
Watakuuliza, nikasema. Wakubwa ndio watakaouliza zaidi.
Nikaingia ndani nikamtolea bakuli,
la udongo, lenye pengo ukingoni,
na kanga iliyochujuka hata jina lake halisomeki.
Lifunike hivi. Liweke mbele yao, tupu.
Waulize nani kwao alilileta.

Kamati imetawanyika na magharibi.
Mwenye hoteli kaondoka na rangi yake.
Ubao umeegemezwa ukutani, mweupe vilevile,
na kuku wa Mama Sidi
wameshapanda juu kulala.