Sindano ya Mikeka

Mama alinisikia usiku nikisema,
mkeka umechanika.
Ilikuwa Julai, Mabela, joto limekaa ukumbini kama mgeni asiyeaga,
kiyoyozi cha chumbani kwake kimekufa tangu Mei,
na riali arubaini na tano za fundi
nilishazila. Sikuzila kwa mdomo.

Binamu yangu Makame, wa Temeke, ndiye msukaji.
Mimi natuma pesa kwenye dirisha la sarafu, ubavuni mwa duka la halua,
yeye ananisukia: timu saba, timu tisa,
za nchi ambazo sijui hata zinalima nini.
Saa nane za usiku refa wa huko yu na filimbi mdomoni
na mimi huku, ngazi za nyuma,
nimeegemea mtungi wa gesi,
naomba kona.
Naomba kona, mimi,
niliyeacha kuomba mengine.

Sita zilishinda. Ya saba ikatoka sare.
Nikamwambia Makame: mkeka umechanika, ndugu yangu, uzi mmoja tu.
Sote husema hivyo. Uzi mmoja tu.
Miaka mitatu ya uzi mmoja mmoja.

Asubuhi namkuta Mama sakafuni,
beseni mbele yake, ukindu umelowekwa tangu alfajiri,
miwani imefungwa kwa mpira,
na ile sindano ndefu aliyotoka nayo Wete
mwaka aliokuja na masanduku mawili na dada yangu tumboni.
"Ulete," akasema.
"Nilete nini?"
"Huo mkeka. Nimekusikia ukiulilia.
Umechanika wapi, pindoni au katikati?
Pindoni ni kazi ya nusu saa."

Ningeweza kucheka.
Ningeweza kwenda soko la Sib, nikanunua mkeka wowote,
nikauchana kwa kisu, nikamletea: huu hapa.
Wallahi nilifikiria. Nilishapiga hesabu ya bei.
Uongo wangu mimi huwa na risiti.

Lakini alikuwa ameshatunga uzi.
Nikakaa. Nikasema, katikati, Mama.

Nikamweleza yote isipokuwa jumla,
kisha nikamwambia jumla:
elfu moja, mia nne na kumi. Riali, si shilingi.
Hakusema haramu. Alijua najua.
Alikitazama kiyoyozi kwa muda,
akajifuta shingo kwa upindo wa kanga,
akauliza jambo moja:
"Simu hiyo hulala wapi?"
Chini ya mto wangu.
"Leo italala chini ya wangu."

Mchana akaja dada, Shinuna, na hasira zake zote za haki,
akanitukana hadi chai ikapoa,
halafu akatoa kikaratasi kwenye mkoba:
zahanati, ghorofa ya pili, Jumatatu saa nne.
Mumewe Mundhir alichukua kadi yangu ya benki
akaizika kwenye gunia la mchele.
Kila asubuhi ananipa riali mbili mbele ya watoto wake.
Naona haya. Nimewahi kulipia vitu vibaya zaidi.

Jumatatu ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi.
Ya pili nikapanda.
Daktari hakunihubiria. Alisema hamu ina saa yake,
hupanda, hukaa, hushuka;
kazi yako ni kutokuwa na simu mkononi inapopanda.
Mkono uwe na kitu kingine.
Nikamuuliza, kitu gani?
Akasema, nyumbani kwenu kuna nini?

Sijapona. Namba ya Makame nimeifunga,
sasa anapiga kwa ya mkewe: leo kuna uhakika, Harib, leo kuna uhakika.
Deni la dirishani bado linanijua jina.
Kiyoyozi kimetengenezwa, kinatoa mlio wa mbuzi.

Jana ilikuwa fainali.
Nilikaa chini, karibu na beseni,
vidole vimevimba, nikasuka ukili shubiri tatu
hadi majirani walipoacha kupiga kelele.
Mama alivaa miwani akaukagua kwenye taa.
Amefumua mbili.