Makubadhi ya Zafarani

Bibi yetu Zafarani, makubadhi alinyimwa,
Akipita Malindini, ukutani husukumwa;
Jina lake la dukani, kwa mizani lilipimwa.
Siku alipoyavaa, mtaa mzima kimya.

Leo mimi, kitukuu, kamatini nina kiti,
Kisigino kiko juu, na muhuri, na risiti;
Nyamizi, yaya, miguu vumbi, kasimama kati.
Nikasema: "Kaa chini. Wenyewe twazungumza."

Kukaja kimya cha kovu, kile kile cha zamani,
Likanichoma ubavu jina lile la dukani;
Nikavua, koo kavu, viatu, nikawa chini.
Kiti kikabaki wazi. Nyamizi kasema wima.