Tambi za Chumvi

Ijumaa, saa saba. Shabbir kashusha mlango wa chuma,
korja zangu tatu za leso zimo ndani, risiti ninayo.
"Rudi saa nane unusu," kaniambia,
na Mtaa wa Biashara ukanyamaza
kama cherehani iliyokatika mkanda.

Mimi wa Korogwe. Pasi yangu ina muhuri mmoja tu,
wa jana, wa mpakani, bado unaacha wino kidoleni.
Nikatafuta wali: masufuria yamefunikwa.
Nikatafuta mihogo: mwenyewe yuko msikitini, safu ya kwanza.
Uliobaki wazi ni mkahawa wa Kiitaliano,
meza sita, vitambaa vya drafti nyekundu na nyeupe,
pindo zimeshonwa kwa haraka
(hilo nililiona kabla ya kuketi).

Shilingi zao zina jina moja na zetu
ila huku zina kilo nyingi zaidi.
Piza moja: nikazidisha kwa ishirini,
ikatoka sare ya shule, sketi na shati, vifungo juu.
Chini kabisa nikaona neno ninalolijua.

"Naomba tambi," nikamwambia kijana.
Mwachiti, kibati cha kifuani kilisema.
"Mbona waomba, mama? Kwani hutalipa?
Huku twaitisha."
Basi nikaitisha, kwa sauti ileile ya kuomba.
Akageukia jikoni akapaza Kiitaliano,
maneno yanayoisha mdomo ukiwa wazi,
na jikoni akajibiwa Kigiriama.

Kwetu tambi ni sahani ya jirani asubuhi ya Idi:
tui, iliki, zabibu chache unazozihesabu,
na mama akikumbusha sahani hairudi tupu.
Hizi zikaja ndefu, uzi uliochomoka bobini,
nyekundu kwa nyanya, kamba wanne wamejikunja juu.
Nikatia mdomoni nikingoja sukari.
Chumvi.
Kama kumpigia dada yako simu, akapokea mwanamume.

"Samahani, naomba... naitisha sukari."
Mwachiti hakucheka, ila mabega yake yalicheka.
Akatoka mpishi mwenyewe, Kadzo,
unga hadi viwikoni, bakuli la sukari mkononi.
"Tia tu. Mimi siku ya kwanza kule Malindi
nilimtilia tui la nazi yule mama wa Kiitaliano. Alilia.
Machozi kabisa. Kisha akala,
akasema nisimwambie mtu."
"Umefika kwao?"
"Nimefika Mtwapa."

Sikutia sukari. Sijui kwa nini;
labda ni vile alivyosimama akinitazama mdomo.
Akataka kunifundisha uma. Nikamwambia hili naliweza,
mwaka wa kumi na tisa huu nazungusha uzi,
kidole kimoja kinabana, kingine kinauacha uende.

Kibandani kwangu hula nimeshika sindano,
mteja kasimama mlangoni, "Bado tu?"
Hapa nikatafuna. Feni ikazunguka.
Hakuna aliyeuliza kama nimemaliza.

Ndipo tone likaruka.
Likatua kwenye leso ya mfano iliyokuwa pajani,
juu ya jina lenyewe, SI KOSA KUJIPENDA,
likaifunika SI.

Nikasoma kilichobaki. Nikakisoma tena.

Kadzo akaleta ndimu na chumvi, tukasugua sote wawili,
yeye kavuta pindo la juu, mimi la chini,
nje wanaume wanatafuta viatu vyao,
mlango wa chuma wa mtu mmoja ukaanza kupanda.
Doa likapungua, likawa rangi ya ufizi wa mtoto.
SI inaonekana, ukiinama.

Hiyo siiuzi.