Mizani

Ndege ya Arua ni ndogo, kwa hiyo wanapima watu.
Mwanamke na mkungu wake wa matoke, kasisi na begi lake,
kila mmoja anapanda mizani kama gunia la kahawa
na kijana mwenye kizibao cha njano anaandika.

Ilipofika zamu yangu akanitazama, kisha akamtazama Candiru:
"Anaweza kusimama?"
Kana kwamba mimi ni redio
na mpwa wangu ndiye mwenye betri.
"Muulize mwenyewe. Ana mdomo wa kukopesha."

Nikajisukuma. Magurudumu mawili juu, mawili nje.
Wakaleta mizani ya mizigo, ile pana.
Kilo sabini na tatu, mimi na kiti.
"Tutoe kiti. Kiti kina kilo ngapi?"

Foleni nzima ikanyamaza.
Miaka kumi na sita tumekwenda pamoja,
vumbi la Katwe, matope ya mazishi kule Yumbe,
hadi kituo cha kura walichokiweka juu ya ngazi,
na sijawahi kujiuliza ninaishia wapi, kinaanzia wapi.

Nikampigia Ssebuggwawo, fundi wa kuchomelea.
Nyuma yake nyundo, jenereta, mtu anabishania bei.
"Kumi na tisa. Lakini nilikuongezea bomba la baiskeli
mwaka ule ulipovunja mguu,
mguu wa kiti, namaanisha. Andika ishirini."

Basi mimi ni hamsini na tatu.
Sawasawa na umri wangu. Nikacheka peke yangu.

Ngazi za ndege ni sita. Yule kijana akachuchumaa,
akanigeuzia mgongo: "Samahani, mama. Shika shingo."
Mgongo wa mwisho kunibeba ulikuwa wa mama,
mwaka homa ilipopita kijijini
ikachukua miguu, ikaacha watoto.
Huu ulinuka sabuni na mafuta ya ndege.
Sikumshukuru upesi. Nilikuwa nahesabu ngazi.

Dirishani nikakiona, kimebaki peke yake kwenye lami,
karatasi ya namba imefungwa mkononi mwake
kama mtoto wa hospitali.
Ndege jirani ikawasha pangaboi;
gurudumu la mbele likageuka,
likageuka tena, likinitafuta.

Juu ya Naili Candiru alilala. Mimi sikulala.
Chini ya miguu yangu, hii isiyosikia chochote,
nilisikia, naapa, breki yake ikigongagonga.

Arua. Vumbi jekundu. Wakakileta kabla ya masanduku.
Nikakikalia. Kilikuwa baridi,
baridi ya kule juu, ambayo sisi tulifungiwa vioo.
Nikakaa kimya kidogo
mpaka kikapata joto.