Usiuchungulie

Kipupwe kimeingia Makadara.
Msitucheke: baridi yetu ni ndogo,
mtu wa Limuru angeivaa kama fulana,
lakini sisi tumeshatoa masweta sandukuni,
yananuka karafuu na mwaka jana.

Baada ya alasiri twapanda darini,
kila mtu na dari yake, kila mtu na mikebe yake:
Thureiya upande wa msikiti,
Kadzo juu ya duka la magodoro,
na Bwana Msellem, mstaafu wa bandari,
ambaye huisalimia mimea
kabla hajatusalimia sisi.

"Jamani, mrehani wangu una nini?"
Thureiya ameuinua mkebe
kama mtoto aliyepelekwa zahanati.
Chini ya majani, weupe,
kama mtu kapita akinyunyiza unga wa ngano.
"Wadudu hao," Kadzo ajibu.
"Maji ya mwarobaini na sabuni ya kipande.
Jioni, si mchana. Na usiwaonee huruma."
Bwana Msellem yeye ailaumu kusi:
yaleta chumvi hadi ghorofa ya tatu,
imemuunguzia ncha za mlimau,
mlimau wa miaka sita usiojua kuzaa,
anaoulisha majani ya chai na ahadi.

Neno unga likishatajwa
mazungumzo hushuka jikoni.
Biskuti za nazi za Kadzo juzi zilitoka ngumu,
mumewe kauliza kama ni za kuegeshea mlango.
Tukacheka hadi kunguru wakahama.

Nami nikatoa langu, polepole:
mkate wa kumimina umenikataa mara tatu.
Mchele nimeuloweka usiku kucha,
tui zito, iliki ya kutwanga kwa mkono,
hamira mpya kutoka Marikiti,
na rojo limekaa kimya bakulini
kama mgeni aliyeudhika.

"Mamako alikuwa akifanyaje?"
Thureiya kauliza, kisha akajishika mdomo.

Mama alikwenda mwezi wa Rajabu.
Asumini yake iko hapa, kwenye debe la samli,
kijani tupu, haijatoa ua hata moja.

"Sikumuuliza," nikasema.
"Nilikuwa nikila."

Bwana Msellem akageuka
kuukagua mlimau aliokwisha kuukagua.
Kadzo akaegemea ukuta wa dari yake:
"Unga nao husikia baridi, mwenzangu.
Ulaze. Ufunike. Usiuchungulie."

Usiku nikazunguka na bakuli nyumba nzima.
Jikoni saruji, baridi mpaka nyayoni.
Ukumbini kioo kimoja kimevunjika.
Chumba kimoja tu hakitazamani na kusi,
na mlango wake sijaugusa tangu khitma.

Nikaliweka bakuli kitandani, upande wake,
nikalifunika shali yake ya kahawia,
ile yenye tundu la kaa la udi.
Nikazima taa. Nikasema, lala salama.
Wallahi, nimeliambia bakuli.

Alfajiri shali ilikuwa imenyanyuka,
mviringo, laini,
na chumba chote kinanukia iliki.
Sikulia.
Nililia kidogo, kisha nikapaka sufuria samli
kwa sababu rojo likishaumuka halingoji mtu.

Alasiri vipande vikavuka kwa kikapu na kamba,
dari hadi dari.
Thureiya kala viwili, hakusema neno.
Bwana Msellem kakigeuza chake, kakitazama tako:
"Umeungua chini kidogo."
Umeungua, ndiyo.
Wa Mama nao ulikuwa ukiungua papo hapo,
nami nilikuwa nimesahau.

Asumini bado haina ua.
Kadzo asema joto lirudi kwanza, nisiwe na pupa,
niache kuinua kila jani.
Leo nimeinua matatu tu.