Barua ya Tano

Aliletwa ofisini kwangu akiwa ameshikwa sikio,
Ombasa, gredi ya sita, kaptura imechanwa na seng'enge.
Mwalimu wa zamu akasema, "Shida ni huyu,"
akamwacha mlangoni kama redio mbovu kwa fundi,
akaenda zake chai.

Nikatoa karatasi, mgongo wa mtihani wa hesabu wa mwaka jana,
nikachora duara, nikaandika jina lake ndani.
"Nani mwingine?"
Akatazama dirisha. Vumbi la Kaptembwa lilikuwa limepanda mpaka mabatini.
"Mama." Duara.
"Moraa." Duara dogo, karibu na la mama.
"Karibu zaidi," akanisahihisha.
"Baba." Hapo akachukua kalamu mwenyewe,
akalichora pembeni kabisa,
nusu yake ikaishia mezani.

Naivasha, kumbe. Mlinzi wa usiku kwenye shamba la maua,
analinda mawaridi yasiyojua kwamba ana watoto.

Nikafungua faili.
Barua nne za kumwita mzazi, mhuri wetu juu ya kila moja.
Februari: ameruka ua. Baba akaja, akalala nyumbani siku mbili.
Mei: amevunja kioo. Baba akaja, mama akapika matoke kwa nyama,
na jirani mmoja aliniambia alisikia kicheko.
Juni yote Ombasa akatulia, tukampigia makofi gwarideni,
na Juni hiyohiyo Moraa akaanza kuumwa tumbo
ambalo zahanati haikuliona.
Hakuna aliyeyaweka hayo mawili pamoja.
Moraa alikuwa kwenye faili nyingine.

Ziwa letu lilipofura likameza lango la hifadhi,
magadi yakazimuliwa na mvua, ukijani wa majini ukaadimika,
heroe wakahamia Bogoria.
Sikumwona mtu akimshika heroe mmoja sikio
na kumuuliza kwa nini hana adabu.

Mkono mmoja haulei mwana, twasema.
Mbona akiharibika twatafuta kiganja kimoja cha kuchapa?

Usiku nikaurudia mchoro.
Nilivuta mstari kutoka kwa mtoto hadi kwa baba
na kila nilipouvuta ulipinda,
ukapita mahali patupu katikati ya karatasi.
Chai ikapoa. Ikaota utando.
Kisha nikachora pale duara la tano, nikaandika: mimi.
Mimi mwenye mhuri. Mimi mwenye bahasha.
Mtoto alikuwa amenifanya stempu.

Barua ya tano niliiandika Oktoba,
asubuhi ambayo hapakuwa na kosa.
"Kwa mzazi wa Ombasa. Hakuna kilichovunjika.
Tafadhali njoo Ijumaa."
Mkuu wa shule akakataa kutia sahihi. "Sababu?"
Fomu haikuwa na nafasi ya sababu ile.
Nikatia yangu.

Makori akaja na macho mekundu ya kukesha,
akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.
"Amefanya nini?"
"Hajafanya kitu."
Akauliza tena, polepole,
kama mtu anayetafuta chenji iliyoanguka gizani.
Kwamboka alikuwa akitazama kucha zake.
"Ungeijuaje njia ya nyumbani," akasema mwishowe, wala si kwangu,
"bila mtoto kuvunja kitu?"

Sikuandika chochote. Nje kengele ililia,
watoto wakamwagika uwanjani, na sisi watatu tukakaa.

Sitasema walipona.
Bado ni mlinzi, na bado Naivasha ni mbali mfuko ukiwa mtupu.
Ila miezi mingine huja mwisho wa mwezi bila kuitwa,
na miezi mingine haji, na Moraa hushika tumbo,
na mama yake sasa humuuliza swali lingine.

Juzi Ombasa akanijia: karatasi ile bado ninayo?
Nikampa.
Akalitazama duara langu kwa muda mrefu,
akaomba kifutio, akalifuta,
akapuliza vumbi la mpira,
akalichora upya,
mbali kidogo.