Inchi ya Plasta

Fremu ilikaa miezi kumi na minne
chumbani kwa wifi yangu, Chang'ombe,
imeegemea ukuta, ikianikiwa nepi.
Leo imefika Nala juu ya guta,
mninga mwekundu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na mafundi wawili wameanza kugombana
kabla haijateremka.

Lenjima ana mwiko, na saruji imeshachanganywa.
"Niachieni nipige plasta kwanza.
Mbao na maji haviivi chungu kimoja. Itavimba,
halafu upepo wa Julai uikaushe, ijikunje.
Nani atalaumiwa? Mimi."

Chiduo hajibu. Ananing'iniza timazi
kwenye lenta tupu, anangoja itulie.
Upepo wa huku hautulii.
Anaishika kwa vidole viwili, anaiachia,
anangoja tena.

"Kwa Sechelela walianza plasta," anasema mwishowe,
akiiambia timazi.
"Siku ya fremu wakatindua. Tindo huku, tindo kule,
ukuta mpya ukabanduka kama gaga la kidonda.
Wakaziba. Kiraka kikakauka na rangi yake.
Nenda kauone, huu mwaka wa tatu,
kila mlango ukifungwa ufa unasogea."

Mimi ni mwalimu. Nyumba hii imepanda
kozi tatu kwa mshahara, miezi mingine hata moja.
Nikachukua futi, nipime kitu angalau.
Ukuta: inchi sita.
Fremu: saba.
"Fundi, umekosea. Inatokeza."

Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Nusu huku, nusu kule. Hiyo ni ya plasta.
Haijaja, lakini nimeiwekea nafasi."

Nikamkumbuka mama, Kongwa, na cherehani yake:
sare zangu zote na upindo wa vidole vinne
alioukunja ndani, wa mwili nisiokuwa nao bado.
Kila Januari alifumua kidogo.
Mstari wa pindo la zamani haukufutika.
Wenzangu waliucheka.

Wakaisimamisha kabla ya adhuhuri,
mgongo umepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa,
uso umevishwa karatasi za mifuko ya saruji,
nanga zimezama ukutani. Pima maji ikakubali.
Lenjima, bado amenuna, akaleta plasta
mpaka ukingoni mwa mbao, akaburuza ubao
juu ya fremu ileile aliyoikataa.
Ikamwongoza mkono. Hakuisifu.

"Na mlango wenyewe?"
"Mlango ungoje. Ukuta unywe maji siku saba,
kisha ukauke, utoe jasho lake lote.
Mlango hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Usiku huu nimetundika khanga pale,
nalinda mifuko minne iliyobaki.
Upepo unaisukuma, unairudisha,
unaniletea vumbi la jirani anayeanza msingi.
Nanyoosha mkono gizani
pale mbao na plasta zilipokutana:
vuguvugu, kisha baridi.
Ukucha haukwami.